Kati ya Kelele na Kimya: Maombi ya Kivu na Kazi ya Kumwambia Mungu Kweli

Ushuhuda wa kanisani una kanuni zake, na aliyekulia Masisi, mashariki mwa Kongo, huzijua kabla hajajua kusoma. Mtu husimama, hutoa salamu ya "Bwana asifiwe" mpaka waumini waitikie vizuri, husimulia taabu iliyompata, kisha hufunga kwa namna Mungu alivyomtoa. Mwisho sharti uwe mwema. Aliyekimbia vita akarudi hushukuru kwa pumzi. Nyumba iliyochomwa, ng'ombe waliochukuliwa, mtoto aliyezikwa safarini: hayo hutajwa mbio mbio au hayatajwi kabisa. Kwaya inapokea, ibada inaendelea. Usiku, mtu yuleyule akiwa peke yake gizani, humwambia Mungu maneno ambayo hangethubutu kuyatamka mbele ya mzee wa kanisa.

Maneno yapi basi ndiyo sala, yale ya mchana au yale ya usiku?

Ngungu ni mahali panapostahili kuuliziwa swali hilo. Ni mji mdogo wa milimani, kusini mwa wilaya ya Masisi katika jimbo la Kivu Kaskazini, hatua chache kutoka mpaka wa Kivu Kusini, katika nchi ya malisho, maharage na viazi. Wahunde, Wahutu, Watutsi na Watembo wamekaa kwenye vilima hivyo kwa ujirani wa heri na wa shari. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, huko Walikale, yakapanda hadi Masisi. Maelfu wakauawa na watu wapatao 250,000 wakayahama makazi yao. Tangu hapo vita vimebadilisha majina na makamanda bila kuondoka. Januari 2025, siku chache kabla ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, Ngungu nayo ilikuwa miongoni mwa miji iliyokuwa ikipiganiwa. Mwezi uliofuata kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka Goma zilivunjwa, na maelfu ya watu wakashika njia ya kurudi vijijini, wengine wakiwa na godoro kichwani na bila uhakika kama paa bado lipo.

Watu hao wanasali, tena sana. Wakatoliki hukutana katika jumuiya ndogo ambazo Kivu huitwa shirika. Wabaptisti wa CBCA na Wapentekoste wa CEPAC wana ibada za asubuhi, mifungo na makesha. Uchache wa maombi si tatizo la Masisi. Tatizo ni kwamba mambo mawili yanayopaswa kukaa pamoja katika sala, yaani ukweli na ujasiri, yametenganishwa. Penye ujasiri mara nyingi pana kelele bila ukweli. Penye ukweli pana kimya bila ujasiri.

Adabu mbele ya mwami

Lugha yenyewe inachangia. Kiswahili kina kusali, kuomba na kuomboleza. Kusali kuna utaratibu na saa zake. Kuomba ni kazi ya kila siku: mtu huomba chumvi kwa jirani, huomba ruhusa, huomba radhi, na kila mara anayeomba huwa chini ya anayeombwa. Kuomboleza kumeachiwa msiba. Matanga yakiisha, maombolezo nayo yanatakiwa yaishe. Mkristo aliyefundishwa kwa maneno haya huona kumlalamikia Mungu kama utovu wa adabu, sawa na mtoto anayemjibu baba yake.

Adabu hiyo ina mizizi. Katika uchifu wa Bahunde hakuna anayemwendea mwami, mtawala wa jadi, akipiga kelele. Huenda na mtu wa kumtanguliza, hupiga makofi, huinamisha sauti. Lakini ni kwa mwami huyohuyo watu hupeleka mashitaka. Anayedai shamba lake lililomegwa hafiki barazani kusifu kiti cha mwami halafu akaondoka. Hueleza mpaka ulipokuwa, ni nani aliyeng'oa alama, lini, na anataka nini kifanyike. Heshima haimzuii kusema. Inampa mahali pa kusemea.

Biblia imejaa watu wa namna hiyo. Ibrahimu alipigania Sodoma kama mtu anayepunguza bei sokoni, kutoka wenye haki 50 hadi 10. Hana alisali kwa uchungu hata kuhani Eli akadhani amelewa. Yeremia alimshitaki Mungu kwamba amemhadaa. Yule mwanamke wa Foinike alikataliwa na Yesu kwa maneno makali, naye akayageuza maneno hayohayo kuwa hoja, akapata alichokitaka. Kisa cha Ayubu ndicho chenye hukumu ya wazi kuliko vyote: baada ya sura nyingi za malalamiko yake na mahubiri safi ya rafiki zake, Mungu anatamka kwamba ni Ayubu aliyesema sawasawa, na rafiki zake wanahitaji kuombewa naye. Wale waliomtetea Mungu kwa maneno mazuri ndio waliokosea.

Zaburi zinafuata njia ileile. Takribani theluthi ya zile 150 ni maombolezo, na nyingi zimepangwa kama kesi ya barazani: anayelalamika humwita Mungu, hueleza jambo lilivyo, huomba kitu mahususi, hukumbusha ahadi za zamani, na mara nyingi humaliza kwa kutumaini. Mara nyingi, si mara zote. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Neno lake la mwisho katika Kiebrania ni giza. Ingekuwa ushuhuda wa Jumapili, mzee wa kanisa angemwomba msemaji aongeze kidogo.

Ujasiri uliopoteza ukweli

Neno ambalo Agano Jipya hutumia kwa ujasiri wa kumkaribia Mungu, parresia, lilitoka katika mabaraza ya miji ya Wagiriki. Lilikuwa haki ya raia huru kusema yote aliyonayo mbele ya wenzake. Mtumwa hakuwa nayo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 4, Petro na Yohana wanaachiliwa wakiwa wametishwa, na kanisa linaposali haliombi vitisho viondoke. Linavitaja vitisho kama vilivyo, kisha linaomba uwezo wa kuendelea kusema. Huko ujasiri ni kusema kweli ukiwa hatarini. Haupimwi kwa sauti.

Afrika Mashariki ya leo imeupima kwa sauti. Katika mahubiri mengi, kuomba kwa ujasiri kumegeuka kuamuru: ugonjwa unaamriwa utoke, viza inaamriwa ije, adui anaamriwa aanguke. Aliyeomba asipate hubebeshwa lawama kwamba imani yake ni ndogo, au hakupanda mbegu ya kutosha. Tarehe 1 Februari 2020 katika uwanja mmoja wa Moshi, Tanzania, watu 20 walikufa katika msongamano wa waumini waliokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hawakuwa watu wapumbavu. Walikuwa wagonjwa na wenye shida walioambiwa kwamba baraka iko hapo chini, hatua chache mbele.

Mfano mwingine ulihusu taifa zima. Aprili 2020 Rais John Magufuli wa Tanzania aliitisha siku tatu za maombi dhidi ya korona, na Juni akatangaza kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa huo. Wakati huo serikali ilikuwa imeacha kutoa takwimu za wagonjwa; hesabu ilikuwa imesimama kwenye 509. Kuliita taifa kusali lilikuwa jambo la heshima. Hitilafu ilikuwa kumshukuru Mungu kwa jibu huku daftari la wagonjwa limefungwa. Januari 2021 maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo walitoa waraka wa kuwaonya waumini juu ya wimbi jipya, wakahimiza sala pamoja na tahadhari. Wahenga walishasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Waraka ule uliyatoa maradhi hadharani huku ukiendelea kuomba.

Kongo ina sababu yake ya ziada ya kuogopa ahadi rahisi. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la CEPAC huko Kasindi, wilaya ya Beni, wakati wa ibada ya ubatizo. Zaidi ya watu kumi waliuawa. Julai 2025 waumini waliokuwa kwenye kesha katika parokia ya Komanda, Ituri, walivamiwa usiku, na zaidi ya 40 wakafa. Hawa walikufa wakiwa kwenye maombi. Fundisho linalosema kwamba aombaye kwa imani hapatwi na baya linapaswa kwanza kusimama kwenye makaburi hayo mawili na kujieleza.

Wale waliosema

Eneo la Maziwa Makuu lilikuwa na shule yake ya ukweli karibu karne moja iliyopita. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari mmisionari Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walisali pamoja wakikiri ukavu wao wa kiroho. Kutoka Gahini, Rwanda, ambako Church alikuwa na hospitali na ambako Blasio Kigozi alifundisha, uamsho uliwaka katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika, Kenya na pande za Kongo. Alama yake ilikuwa kutembea nuruni: mtu anasimama mbele ya ndugu na kutaja dhambi yake kwa jina lake. Alikuwa ameiba fedha za misheni, au alimdharau Mwafrika mwenzake, au alimchukia mzungu. Wamisionari nao walikiri, na jambo hilo katika zama za ukoloni halikuwa dogo.

Hata hivyo Rwanda, nchi ya Gahini, ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari ya 1994, na makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye yakawa machinjio. Haitoshi kusema kwamba uamsho ulikuwa umepoa. Toba ile ilikuwa imezoea dhambi za mtu mmoja mmoja, kama vile ulevi, uzinzi, wizi na hasira. Chuki ya kundi zima dhidi ya kundi jingine haikuwa na mtu wa kuikiri, kwa kuwa kila mmoja aliiona kama mazingira tu, kama hali ya hewa. Masisi ilipata onjo la jambo hilo Mei 1996, pale Watutsi waliokuwa wamekimbilia monasteri ya Watrapisti ya Mokoto waliposhambuliwa na wengi kuuawa. Watawa walikuwa wameimba zaburi hapo kwa zaidi ya miaka 40.

Wapo pia waliotoka katika sala wakasema hadharani. Christophe Munzihirwa, askofu mkuu wa Bukavu, aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996 mji wake ulipokuwa ukitekwa, baada ya miezi ya kupaza sauti juu ya wakimbizi na vita. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, aliandika ujumbe wa Noeli ya 1999 akiwalaumu wageni waliokuwa wakipora utajiri wa nchi, na katika pumzi hiyohiyo akawataja ndugu Wakongo waliowasaidia. Februari 2000 waasi wa RCD, waliokuwa wakiutawala mji huo, walimzuia kurudi Bukavu, wakampeleka Butembo; alirudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo akafariki Roma. Ujumbe wake ni kipimo kizuri cha uaminifu katika sala. Adui wa nje anatajwa na watoto wa nyumbani wanatajwa vilevile. Maombi mengi ya kuombea nchi huishia kwenye ile nusu ya kwanza.

Padri Emmanuel Katongole wa Uganda amelichambua jambo hili katika kitabu chake Born from Lament, kilichotoka 2017 na kinachotumia sana mifano ya Kongo Mashariki. Hoja yake ni kwamba maombolezo si upungufu wa imani unaongoja kuponywa na tumaini. Tumaini la watu anaowaeleza lilizaliwa ndani ya maombolezo yenyewe, na kutoka humo wakapata nguvu ya kujenga.

Denis Mukwege ni ushahidi unaojulikana zaidi. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyomfuata baba yake kumtembelea mtoto mgonjwa. Baba akaomba, wakaondoka, na mwana akauliza kwa nini hakumpa dawa. Baba akajibu kwamba kazi yake ni kuomba, yeye si daktari. Mchungaji huyo hakudai uwezo ambao hakuwa nao, wala hakumkemea mtoto kwa kuuliza. Mwana akaamua kuwa daktari, ili kazi zote mbili ziwepo. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa 1999 chini ya CEPAC, imewatibu maelfu ya wanawake waliobakwa vitani, na mwaka 2018 Mukwege alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Jirani kwenye benchi

Ugumu mkubwa wa Ngungu, hata hivyo, hauko kwa Mungu. Uko kwenye benchi. Anayelia na anayetuhumiwa, au mdogo wake, au shemeji yake, wanaweza kuwa wanaimba katika kwaya moja. Ibada ya mchanganyiko huendeshwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kinawapa wote neno moja la salama: adui. Mchungaji akiomba Mungu amshinde adui, wote huitika amina, na kila mmoja anamjaza adui sura anayoijua yeye. Sala inaonekana ya pamoja, kumbe imegawanyika vipande vipande kabla haijafika darini.

Kanisa la ulimwengu nalo limewahi kusitasita hapo. Liturujia ya Vipindi ya Kikatoliki iliyotoka baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano iliacha zaburi tatu za laana, ya 58, ya 83 na ya 109, pamoja na aya za mwisho za zaburi ya 137 zinazowatakia mabaya watoto wa Babeli. Sababu inaeleweka: ni hatari kumpa mwenye bunduki maneno ya Mungu ya kulaani. Lakini aliyechomewa nyumba anayo laana tayari moyoni. Asipopewa pa kuipeleka, ataipeleka kwa vijana wenye silaha. Mwenye kuomba zaburi ya 109 anamkabidhi Mungu kisasi, naye anabaki mikono mitupu. Hilo ni tendo tofauti kabisa na kisasi chenyewe, japokuwa maneno yanafanana.

Isifikiriwe pia kwamba kila kimya ni woga. Mahali ambapo wenye silaha wana masikio hata ibadani, anayetaja jina la kamanda katika sala ya wazi anaweza kuwaponza jirani zake. Hapa zaburi zina faida ambayo mabingwa wa mafumbo ya Kiswahili wangeielewa mara moja. Mtu husoma maneno yaliyoandikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, dhidi ya dola iliyokwisha kufa, na kila aliyepo anaelewa. Hakuna wa kumshitaki. Mengine yatasemwa shirikani, kwa watu kumi wanaoaminiana, au kwenye chumba cha mchungaji mlango ukiwa umefungwa.

Upo mfano wa jinsi jambo hili linavyoweza kufanywa kwa ishara. Tarehe 1 Februari 2023 Papa Francis, ambaye safari yake ya Goma ilifutwa kwa sababu ya vita, alikutana Kinshasa na wahanga kutoka mashariki. Walisimulia yaliyowapata bila kuyapaka sukari, kisha wakaweka chini ya msalaba vifaa kama vile vilivyotumika kuwaua jamaa zao, panga likiwa mojawapo. Panga ni chombo cha shamba ambacho kila nyumba ya Masisi inacho. Kulilaza chini ya msalaba kulitaja kosa bila kutaja kabila.

Miaka miwili baadaye, Februari 2025, ujumbe wa maaskofu Wakatoliki wa CENCO na Waprotestanti wa ECC ulifika Goma kuonana na viongozi wa M23, baada ya kuonana na Rais Félix Tshisekedi. Walilaumiwa na wengi walioona kwamba kukaa na waasi ni kuwapa heshima. Mtu anaweza kuupinga mkakati wao. Lakini hawawezi kuambiwa kwamba waliomba amani huku wakimkwepa anayepaswa kuombwa.

Nini kifanyike katika ibada

Kujifunza kuomba namna hii hakuhitaji semina ya wageni wala dola za mradi. Nafasi ya ushuhuda ipo tayari kila Jumapili. Inayokosekana ni ruhusa ya ushuhuda ambao bado haujapata mwisho mwema. Mchungaji anaweza kutangaza kwamba leo atakayesimama hatalazimika kushukuru, na akianza kulia kwaya isimfunike. Mkatekista anaweza kuichukua zaburi moja ya maombolezo, akawauliza watu wa shirika nani analalamika, analalamikia nini, anaomba nini hasa, kisha kila mmoja aandike yake kwa lugha ya kilio chake, iwe Kihunde, Kinyarwanda, Kitembo au Kiswahili. Waliokufa 1993 na waliokufa juzi wanaweza kuombewa kwa majina, wa pande zote, siku moja, katika orodha moja. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na kundi litakaloianza litapata wapinzani ndani ya kanisa lake lenyewe.

Viongozi wa makanisa ya Masisi na Walikale wanaweza kuanza na jambo dogo kuliko hayo yote: wasome zaburi ya 88 ibadani, mbele ya watu waliorudi kutoka kambini, wafike neno la mwisho, wakae kimya dakika moja bila kuongeza lolote. Waliokusanya zaburi waliiacha hivyo, wala hawakuitafutia aya ya kuipamba.